Kadi ya Kale, Lakini Kale ya Nani?

Kuna ufundi ninaoupenda ambao pia unanitia mashaka. Ni ule wa kutengeneza kadi za salamu kwa mkono, zenye sura ya kikale: karatasi iliyochovywa chai mpaka ikawa hudhurungi, kingo zilizochanwa badala ya kukatwa, mihuri ya kuchonga, wino wa kahawia au wa samawati iliyopauka, na pengine uzi wa katani uliofungwa kitanzi pembeni. Baadhi ya vijana niliowafundisha sekondari wanaufanya vizuri sana, na mmoja wao ndiyo kazi inayomlipia pango. Ninawaheshimu kwa subira yao. Mashaka yangu huanza ninapoifungua kadi na kuisoma.

Juu pana ua la waridi la bustani za Uingereza. Kando yake pana saa ya mfukoni yenye mkufu, mnara wa Paris, na alama ya posta ya London yenye tarehe ya zama ambazo babu yake fundi alikuwa hajazaliwa. Chini pana salamu ya Kiingereza, au Kiswahili kilichotafsiriwa neno kwa neno kutoka huko, chenye kumwambia mtu kwamba “unakoswa sana” na kumalizia kwa “na upendo mwingi”. Mkono uliotengeneza kadi hiyo ni wa Morogoro au wa Tanga. Kale iliyomo ndani yake imetoka kwenye dari la nyumba ya watu wengine. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze, malenga wenzangu, maana sehemu ya lawama inatuhusu sisi tunaojiita watu wa maneno.

Nianze kwa kuwatetea vijana hao. Mihuri ya mpira iliyo tayari madukani huja na maneno yake yamekwisha kuchongwa, na yaliyochongwa ni Kiingereza. Fundi akiununua muhuri, amenunua na sentensi. Picha ni hivyo hivyo. Kwa hiyo anayechagua salamu si mtumaji wala fundi, ni kiwanda kilicho mbali, ambacho hakijui kama mpokeaji amefiwa na shangazi au amejifungua pacha.

Wala sisemi kwamba kadi ni kitu kigeni kisichotuhusu. Desturi ya kuchapisha kadi za sikukuu ilianza Uingereza mwaka 1843, pale Henry Cole alipomwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja ya Krismasi. Zilichapwa nakala 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono, na kila moja ikauzwa kwa shilingi moja ya siku hizo. Watu wengine walikasirika, kwa sababu picha ilimwonyesha mtoto mdogo naye akinyweshwa mvinyo mezani. Kwa hiyo hata hiyo kadi ya kwanza ilikuwa na mwenyewe na mahali pake: ilionyesha meza ya watu wa kule, na watu wa kule wakaigombania. Sisi tunaigiza meza hiyo bila hata kuigombania.

Na wapenzi wa asili za maneno wataifurahia hii: “kadi” na “karatasi” ni ndugu. Karatasi tuliipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa njia zao kutoka neno la Kiyunani lililotaja jani la mafunjo. Kadi tuliipata kwa Waingereza, nao kupitia Kifaransa na Kilatini walilichukua neno lile lile la Kiyunani. Moja limetujia kwa jahazi, lingine kwa meli ya moshi, na leo tunalichapa la pili juu ya la kwanza. “Muhuri” una damu ya Kiajemi, “chapa” ni ya Kihindi. Meza ya fundi wa kadi ina mataifa mengi kuliko ofisi ya balozi, na hakuna anayestahili kuona haya kwa hilo. Ninachouliza ni sisi tumeweka nini mezani hapo.

Tunavyo vya kuweka. Chukueni khanga. Khanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyo kwenye mstari wake chini ya mji. Huo ni mpangilio wa kadi uliokwisha kukamilika, na umejaribiwa kwa zaidi ya karne moja na wanawake wenye macho makali kuliko mhariri yeyote ninayemfahamu. Pindo huchongwa kwa muhuri mmoja mdogo unaogongwa mara nyingi. Mji ni picha moja: korosho, jogoo, birika, dau. Jina ni maneno manne au matano. Khanga hununuliwa doti, vipande viwili. Nayo kadi iliyokunjwa ina kurasa mbili zinazotazamana. Siku ya kwanza nilipoipanga kadi kwa namna hiyo sikuhitaji kubuni chochote isipokuwa maneno, na maneno ndiyo kazi yetu.

Au chukueni stempu. Wa rika langu wanazikumbuka stempu za miaka ya 1960 zilizobeba majina ya Kenya, Uganda na Tanzania kwenye kipande kimoja cha karatasi, zikipokezana nani atangulie. Bado zinapatikana kwenye masanduku ya wazee. Stempu moja kama hiyo iliyobanduliwa kwa maji ya vuguvugu na kubandikwa kwenye pembe ya kadi inasema habari nzima kwa mtu aliyekuwa shule wakati Jumuiya ile ikiwa hai. Kuna na bahasha za njia ya ndege zenye kingo za mistari myekundu na ya samawati. Kuna na dibaji za barua zetu, zile za “ama baada ya salamu”, ambazo vijana wanazicheka bila kujua kwamba zilikuwa adabu: hukumrukia mtu na shida yako kabla hujamwuliza hali.

Na akitokea wa kusema kwamba mshairi hana biashara na visu na wino, nitamtajia Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, alikuwa mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu zilizobeba tenzi zetu, na alikuwa mchonga mbao. Wataalamu wa Ulaya kama William Hichens na Ernst Dammann walimwagiza awanakilie tungo, na sehemu ya kazi ya mkono wake imehifadhiwa London mpaka leo. Mkono uliochonga nakshi na mkono uliopanga vina ulikuwa mmoja. Tuliotenganisha kazi hizo ni sisi tuliosoma shule.

Yule binti niliyemtaja, anayeishi kwa kazi hii, nilimpelekea maneno haya. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema: “Mwalimu, mteja akiona Kiswahili huuliza bei. Akiona Kiingereza haulizi, anatoa pesa.” Nilikaa kimya kidogo. Hilo si jambo la kujibiwa kwa hotuba ya uzalendo. Mwenye nyumba hapokei uzalendo mwisho wa mwezi. Lakini nilimwomba anionyeshe kadi zake za Kiswahili zisizonunuliwa, na nilipozisoma niliwaelewa wateja. Zilikuwa na Kiswahili cha matangazo. “Nakutakia siku ya kuzaliwa iliyojaa furaha na mafanikio tele.” Nani alipe pesa kwa maneno ambayo simu humletea bure kila asubuhi? Kiswahili hakikushindwa sokoni. Kilipelekwa sokoni kikiwa kimevaa nguo ya kuazima.

Tukapatana hivi: nje ya kadi afanye apendavyo, ndani aache ukurasa mtupu. Mteja akija, aulizwe jina la mpokeaji, tukio, na jambo moja linalowaunganisha. Kisha atungiwe ubeti. “Basi utanitungia wewe, mwalimu,” akasema, na ndivyo nilivyojikuta nina kazi baada ya kustaafu.

Nieleze jinsi tunavyofanya, maana ninajua humu mna watakaojaribu. Karatasi ya manila ya ukubwa wa A4 ikikatwa nusu hutoa vipande viwili, na kila kipande kikikunjwa hutoa kadi ya milimita 105 kwa 148. Kuzeesha karatasi si kazi: chai ya rangi iliyokolea sana, ipoe, upake kwa sifongo au uchovye kwa dakika chache, kisha uiweke juu ya kitambaa, na ikikaribia kukauka uilaze chini ya vitabu vizito isijikunje. Ikauke kabisa. Wino ukikutana na karatasi yenye unyevu husambaa, na herufi zako zitaota ndevu. Wapo wanaochoma kingo kwa kibiriti. Mimi sipendi, kadi inafanana na iliyookolewa kwenye ajali. Lowesha mstari kwa brashi, weka rula, chana. Inatosha.

Muhuri unaweza kuchongwa kwenye kiazi ulaya, kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu katika somo la zana za kufundishia, wakati ambapo shule ilikuwa na chaki, mashine ya kurudufu na bidii tu. Lakini kiazi hutoa maji, hunywea, na kesho hakifai. Raba kubwa ya kufutia penseli ni bora. Soli ya ndala iliyochakaa ni bora zaidi, tena ni bure. Ioshe, ikate, uigundishe kwenye kipande cha mbao ili upate pa kushika. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ifudikize juu ya raba, sugua kwa ukucha. Mchoro utahamia pale ukiwa umegeuka wenyewe, na ndivyo unavyotakiwa, kwa sababu muhuri husoma kinyume. Chonga kwa wembe au kisu chembamba, ukiulaza kidogo nje ya mstari ili herufi isimame kwenye msingi mpana. Ukiusimamisha sana, herufi itakuwa na shingo nyembamba na itavunjika ukianza kuigonga.

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo raha ya mtu wa lugha ilipo. Mwenye kuchonga huanza kuziona herufi upya. A, H, I, M, O, T, U, V, W na Y hazibadiliki kwenye kioo. Unazichonga zilivyo, unageuza mpangilio wake tu. MAMA huchongwa AMAM. MAUA huchongwa AUAM. N na R na S ndizo zinazoleta matata, na kila mwanafunzi wangu wa ufundi huu amekwisha kuchapa HONGERA yenye N ya Kirusi. Kuna neno moja ambalo halihitaji kugeuzwa kitu: UTU. Lichonge kama linavyosomeka, ligonge, litatoka vile vile. Anayetumia hati za Kiarabu atachonga kutoka kushoto kwenda kulia, na mkono wake utalalamika mpaka uzoee.

Wino wa pedi za ofisi unafaa kwa mistari myembamba, ila ni mwepesi, huzama kwenye karatasi na hupauka juani. Kwa picha pana tafuta wino mzito wa kuchapia, uutandaze juu ya kioo au kigae, uuchukue kwa sifongo na kuugusisha juu ya muhuri kidogo kidogo. Wino mwingi hujaza mashimo na kufuta kazi yote ya kisu. Gonga mara moja, bonyeza bila kutikisa, inua wima. Alama zisizolingana kidogo, hapa nyeusi pale hafifu, msizionee haya. Huo ndio ukale wenyewe, haukuhitaji chai.

Herufi ndogo kuliko milimita tano hazichongeki kwa mkono wa kawaida, kwa hiyo muhuri ubebe pindo, mji na jina. Ubeti uandikwe kwa kalamu. Na hapo ndipo bahari zetu zinapokutana na upana wa karatasi. Mshororo wa mizani kumi na sita haukai kwenye milimita 105 bila kubanwa. Ninaukata kwenye kina cha kati, ukwapi juu, utao chini yake umesogezwa ndani kidogo, na ubeti wa mishororo minne unakuwa ngazi ya vidato vinane inayoujaza ukurasa sawasawa. Hapa ninauandika kwa mtindo wa kawaida. Huu niliutunga kwa ajili ya mwalimu mmoja aliyestaafu mwaka huu, ukitoka kwa mwenzake waliyegawana chumba cha walimu:

Nimekuchongea raba, nikaitilia wino,
Siyo mali ya kushiba, wala si zawadi nono,
Ni salamu za sahiba, zilotoka kwa mkono,
Uiweke japo haba, ikumbushe letu neno.

Si ubeti wa kuingia kwenye diwani. “Zilotoka” ni inkisari ya wazi ili mizani zitimie, na mkali wa vina anaweza kuniambia kwamba “nono” na “neno” ni majirani waliokaribiana mno. Lakini “neno letu” wanalijua wao wawili. Aliyeagiza kadi aliniambia ni lipi, nami silitaji hapa. Kiwanda hakiwezi kuandika mshororo huo hata kikichapa kadi milioni.

Malenga mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba huko ni kuuza ushairi rejareja, kama kuuza mafuta ya taa kwa kibaba. Sikubaliani naye. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga juu ya vita na siasa za mji wake, na akatunga pia juu ya mapenzi na mambo ya nyumbani. Hatukumpunguzia cheo. Washairi wetu wametumiana tungo, wamejibizana, wametunga kwa ajili ya harusi na matanga na safari, muda mrefu kabla ya kuwapo shindano la ushairi lenye majaji watatu na cheti. Utungo wenye mpokeaji mmoja anayejulikana kwa jina ndio utungo mgumu kuliko yote, kwa sababu huwezi kumdanganya. Utungo wa “vijana amkeni” hausomwi na kijana yeyote, na hakuna atakayekuja kudai.

Ninachokitaka basi ni hiki. Kila mmoja wetu anayetunga amtafute fundi wa kadi katika mji wake, na wapo, wamekaa kwenye vibaraza na kwenye maonyesho ya wajasiriamali, na ampe beti zake. Si bure. Mimi hupokea sehemu ya bei, kidogo, na ninaisisitiza, kwa sababu tungo ikitolewa bure mara tatu, mara ya nne huombwa kwa kukemewa. Na wenye maduka ya vifaa vya kuandikia, kama yupo anayesoma hapa, wachongeshe mihuri ya Kiswahili. Kiasi cha maneno kumi kingetosha kuanzia.

Maneno hayo kumi yachaguliwe na watu wenye masikio. Kiswahili kina salamu za matukio ambazo hazihitaji kutafsiriwa kutoka popote. Mgonjwa tunamwambia “ugua pole”. Itazameni vizuri kauli hiyo. Haimwamrishi mtu apone haraka, kana kwamba ugonjwa ni uzembe. Inamkubalia kwamba anaugua, na inaomba maradhi yamwendee taratibu. Kisha unakuta kadi ya hospitali imeandikwa “pona haraka”. Mzazi tunampa hongera na pole kwa pamoja, kwa sababu tunajua alichopitia. Aliyeoa tunamwambia amepata jiko, na hata asiyependa utani huo anaweza kuujibu. Aliye mbali hatumwambii kwamba tunamkosa, kwani kumkosa mtu ni kumtafuta usimpate, au kumkosea shabaha; tunamwambia tumemkumbuka, au tuna hamu naye. Hizi si tofauti ndogo za walimu wa sarufi. Ni namna tofauti ya kusimama mbele ya mtu.

Na aliyefiwa tunamwambia “makiwa”. Neno hilo limeanza kusahaulika bara, na hata pwani vijana wengi huishia kwenye “pole”. Juma lililopita binti yule aliniletea agizo la kadi ya rambirambi na kuniuliza tugonge nini juu yake, kwa kuwa mihuri yake yote ilikuwa ya furaha. Tulichonga hilo, kwenye soli ya ndala. MAKIWA ina herufi sita, na tano kati yake hazigeuki kiooni. Ni K peke yake iliyotupa kazi. Tuliigonga kwa wino mweusi kwenye manila nyeupe, bila chai na bila uzi, ndani tukaacha nafasi ya mkono wa mtumaji mwenyewe. Alipomaliza aliniuliza kama auhifadhi muhuri ule au autupe. Nikamwambia auweke juu ya rafu, mahali anapoufikia.